Shabaha na Bahati

Msomaji wangu, hakuna habari ipendwayo barazani kama habari ya risasi moja iliyopiga pasipotarajiwa. Mtu akisema kwamba alilenga mara mia akapata mara sabini, wasikilizaji watapiga miayo. Lakini akisema kuwa alifyatua gizani, na asubuhi yake akamkuta chui amelala chini, wote watasogeza viti. Ndiyo tabia ya binadamu: hupenda ajabu kuliko hesabu. Wewe usomaye historia huna budi kuzipenda zote mbili. Ajabu isiyopimwa ni hadithi tu, na hesabu isiyo na ajabu ndani yake hukosa msomaji.

Katika insha hii nataka tuyatazame pamoja mapigo machache mashuhuri ya mshale na bunduki, na kwa kila moja tuulize maswali matatu. Kwanza, je, jambo hili lilitukia kweli? Pili, kama lilitukia, lilikuwa ustadi au bahati? Tatu, ni nani aliyelisimulia, na ni mara ngapi mpigaji alikosa kabla ya kupata? Maswali haya ni mepesi kuyatamka, lakini watu wazima wengi hawayaulizi.

Tuanze na pigo lijulikanalo kuliko yote. Nchini Uswisi husimuliwa kwamba mwaka 1307, katika mji wa Altdorf, liwali mmoja mkali aitwaye Gessler alitundika kofia yake juu ya mti, akaamuru kila apitaye aiinamie. Mwindaji mmoja wa milimani, William Tell, akapita asiiname. Kwa adhabu, liwali akamwamuru aliweke tofaa juu ya kichwa cha mwanawe na kulipiga kwa mshale. Tell alichomoa mishale miwili, akautia mmoja upindeni, akalipasua tofaa wala mtoto asiguswe. Alipoulizwa mshale wa pili ulikuwa wa nini, alijibu kwamba lau angalimwua mwanawe, huo ungalikuwa wa liwali mwenyewe.

Ni hadithi tamu, lakini hebu tuiulize swali letu la kwanza. Maandishi ya kale kabisa yanayotaja habari hii yamo katika kitabu kiitwacho Kitabu Cheupe cha Sarnen, nacho kiliandikwa mnamo mwaka 1470, yaani miaka zaidi ya mia moja na sitini baada ya siku inayosimuliwa. Tena, mnamo mwaka 1200, mwanachuoni wa Denmark aitwaye Saxo Grammaticus alikuwa amekwisha kuandika habari za mpiga upinde mmoja, Toko, ambaye mfalme wake alimlazimisha kulipiga tofaa juu ya kichwa cha mwanawe. Naye pia alikuwa na mishale ya akiba kwa ajili ya mfalme. Nchi ni nyingine, mtawala ni mwingine, lakini tofaa ni lile lile. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wa leo huiona habari ya Tell kuwa ngano. Hata hivyo usiitupe. Waswisi waliihifadhi kwa kuwa ilisema neno walilotaka kulisema juu ya uhuru wao. Ngano ni ushahidi mwema wa mawazo ya watu walioisimulia, ila si ushahidi wa mshale.

Sasa tuvuke bahari tufike Texas, katika nchi ya Marekani, mwaka 1874. Hapo tutakuta pigo lililotukia kweli, na aliyelipiga mwenyewe ametuachia maelezo yake.

Siku hizo wawindaji wa Kizungu walikuwa wakiwaua nyati wa nyika za Amerika kwa maelfu, wakichukua ngozi na kuiacha nyama ioze juani. Kwa Wakomanche, Wacheyenne na Wakiowa, nyati alikuwa chakula, nguo na nyumba. Kumwangamiza nyati kulikuwa kuwaangamiza wao. Basi alfajiri ya tarehe 27 Juni mwaka 1874 wapiganaji mia kadhaa wa makabila hayo, miongoni mwao kijana shujaa Quanah Parker, walikishambulia kituo cha wawindaji kiitwacho Adobe Walls. Ndani yake walikuwamo wanaume 28 na mwanamke mmoja. Mganga wa Wakomanche, jina lake Isatai, alikuwa amewaahidi wenzake kwamba dawa yake ingezizuia risasi za adui. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuyasoma maneno hayo asikumbuke vita vya Maji Maji, vilivyoanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1905. Watu wanaonyang'anywa kila kitu, na mkononi hawana silaha ya kulingana na ya adui, hushika tumaini lililo karibu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, sauti kubwa mithili ya mlio wa bunduki iliwaamsha waliolala katika jengo moja. Ilidhaniwa kuwa boriti ya paa imevunjika, na watu wakaamka kuitengeneza. Hivyo mashambulizi yalipofika, wengi walikuwa macho. Je, hiyo haikuwa bahati? Labda. Lakini wako waliosema baadaye kwamba mwenye jengo alikuwa amepashwa habari ya hatari, akafyatua bunduki makusudi ili awaamshe watu pasipo kuwatia hofu. Waona basi: hata bahati yafaa kuulizwa ilikotoka.

Mashambulizi ya siku ya kwanza yalishindwa, na wapiganaji wakarudi nyuma. Siku zilizofuata, kundi la wapanda farasi wapatao kumi na watano lilionekana juu ya kilima cha mbali. Mwindaji mmoja kijana, Billy Dixon, ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini na minne, alisihiwa na wenzake ajaribu. Alichukua bunduki kubwa ya aina ya Sharps, ya kuazima kama isemwavyo, akalenga kwa uangalifu akafyatua. Mtu mmoja juu ya kile kilima akaanguka kutoka juu ya farasi wake. Umbali ulipopimwa baadaye, uliandikwa kuwa yadi 1,538, yaani zaidi ya mita 1,400. Jaribu kuvipanga viwanja vya mpira kumi na vinne, kimoja mbele ya kingine, kisha usimame golini mwa kwanza utazame golini mwa mwisho.

Hebu tulipime jambo hili kwa elimu mnayofundishwa darasani. Risasi ya bunduki ile ilitoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde. Hata kama hewa isingaliipunguza mwendo, ingalihitaji sekunde tatu na nusu kufika huko. Kitu kinachoanguka huru kwa sekunde tatu na nusu hushuka mita 60. Maana yake ni kwamba Dixon hakuweza kumlenga mtu. Ilimbidi alenge juu angani, kwa kukisia, mahali palipo juu ya mtu kuliko minara mingi ya misikiti. Upepo kidogo ungaliipeleka risasi kando. Farasi angalipiga hatua mbili, ingaliangukia mchangani. Tena kumbuka kwamba mbele yake hakuwako mtu mmoja, bali kundi. Risasi iliyokusudiwa kundi ina nafasi nyingi za kumpata mmoja wao, na watazamaji hawataulizana kama ni yule aliyelengwa.

Dixon mwenyewe alilijua hilo. Katika habari za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1914 baada ya kufa kwake, alisema kwamba alikuwa mlengaji mwema, lakini pigo lile lilikuwa la kubahatisha. Mimi naona maneno hayo yanampa heshima kuliko pigo lenyewe. Kila mtu angalimwamini kama angalijisifu, naye hakujisifu.

Watu wengine wameandika kwamba risasi hiyo moja ndiyo iliyovimaliza vita vya Adobe Walls. Jihadhari na usemi wa namna hiyo. Wapiganaji walikuwa wamekwisha kushindwa siku ya kwanza. Dawa ya Isatai ilikuwa imedhihirika kuwa si kitu. Na bunduki za masafa marefu zilikuwa zikiwaua farasi na watu kabla hawajakaribia. Pigo la Dixon liliongeza hofu juu ya hofu iliyokuwako. Jeshi la serikali likaingia vitani, na mwezi wa Juni mwaka 1875 Quanah na watu wake wakasalimu amri. Kilichowashinda hasa ni jeshi lile na njaa iliyofuata kuuawa kwa nyati. Bahati hupiga risasi moja, bali mambo makubwa ya historia huwa na sababu nyingi.

Baada ya bahati, natuutazame ustadi. Mwaka 1860, katika jimbo la Ohio huko Marekani, alizaliwa mtoto wa kike katika nyumba ya kimaskini. Baba yake alifariki angali mdogo, naye akaanza kuwinda ndege na wanyama wadogo ili awalishe wenziwe, na wale waliozidi akawauza kwa wenye maduka. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Annie Oakley. Alishindana kulenga shabaha na fundi mmoja wa maonyesho aitwaye Frank Butler, akamshinda kwa tofauti ya shabaha moja; Butler hakuona haya, bali alimwoa, kisha akawa msaidizi wake maisha yao yote. Tangu mwaka 1885 walifuatana na maonyesho ya Buffalo Bill, na mwaka 1887 walifika London wakati wa sherehe za miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Chifu mashuhuri wa Walakota, Sitting Bull, alimpenda kama binti yake, akamwita kwa lugha yake jina lenye maana ya Mlenga Shabaha Mdogo Asiyekosa.

Je, ni kweli kwamba hakukosa? La. Imeandikwa kwamba mwaka 1885 alirushiwa mipira 5,000 ya kioo kwa siku moja, akaipasua 4,772. Basi mipira 228 ilianguka mizima. Hebu ishike hesabu hiyo, kwa maana ni ya thamani kuliko sifa zote za magazeti. Mtu mwenye makosa 228 yaliyohesabiwa mbele ya watu ni wa kuaminiwa kuliko mtu asemaye hajakosa tangu kuzaliwa.

Oakley alijua pia michezo ya kushangaza macho. Aligeuka akampa lengo mgongo, akaweka bunduki begani ikitazama nyuma, akalenga kwa kuangalia kioo. Alipiga karata iliyoshikwa ubavu, ukingo wake ukimwelekea. Buffalo Bill naye alipasua mipira ya kioo huku farasi wake akienda mbio. Lakini siri moja watazamaji wengi hawakuijua: ndani ya uwanja, risasi za Buffalo Bill zilitiwa marisau madogo badala ya kipande kimoja cha risasi. Marisau hutawanyika, basi hurahisisha kazi ya mlengaji. Utauliza, je, huo si ulaghai? Nafikiri sivyo kabisa. Risasi nzima ingalivuka uwanja ikawaua waliolipa viingilio vyao. Na kulenga juu ya farasi aendaye mbio si jambo jepesi hata kwa marisau. Hata hivyo, anayetaka kujua kweli ni lazima ajue kilichokuwamo ndani ya mtutu kabla hajapiga makofi.

Akiwa na bunduki ndogo na risasi za kweli, Mmarekani mwingine, Adolph Topperwein, alifanya jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko pigo la Adobe Walls. Mwezi wa Desemba mwaka 1907, katika mji wa San Antonio, alirushiwa hewani vipande vidogo vya mti, kila kimoja kipatacho sentimita sita, kwa muda wa siku kumi. Alivilenga vipande 72,500. Alivikosa vipande tisa. Mwaka 1959 Tom Frye aliipita hesabu hiyo: vipande 100,010, na makosa sita. Mapigo haya hayana hadithi tamu. Hakuna farasi, hakuna adui, hakuna kilima. Kuna mtu mmoja anayerudia tendo moja mpaka mkono unamwuma na macho yanamwasha. Lakini humo ndimo ustadi unamojulikana, kwa kuwa bahati haiwezi kurudi mara sabini elfu.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mchezo wa silaha, kinachotiwa maji wakati mwingine ni uhai wa mtu. Mwaka 1951, katika jiji la Mexico, mwandishi wa Kimarekani William Burroughs, akiwa katika karamu ya vileo, alimpiga mke wake risasi ya kichwa akamwua. Kwa maelezo yaliyotolewa mwanzo, mwanamke yule alikuwa ameweka glasi juu ya kichwa chake ili wauigize mchezo wa William Tell. Pigo ambalo pengine halikuwako kamwe Uswisi lilimwua mtu halisi Mexico. Ndiyo sababu nasema kwamba kuitenga ngano na kweli si kazi ya kujaza karatasi za mtihani tu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1898 simba wawili walikuwa wakiwala wafanya kazi wa reli huko Tsavo. Mhandisi J. H. Patterson, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja, aliazimwa na rafiki yake bunduki yenye nguvu kuliko yake, akaenda nayo msituni kabla hajaijaribu. Simba akatokea karibu kabisa, Patterson akabana kiwashio, na bunduki isilie. Ni bahati yake tu iliyomwokoa siku hiyo. Dixon aliazima bunduki akapata sifa. Patterson aliazima akaponea chupuchupu. Simba wa kwanza alikufa tarehe 9 Desemba, na wa pili siku ishirini baadaye, baada ya mikesha mingi na risasi nyingi. Patterson aliandika baadaye kwamba simba hao waliua watu 135. Wataalamu waliochunguza mabaki yao, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, walitangaza mwaka 2009 kwamba waliowaliwa yamkini walikuwa watu 35 hivi. Watu 35 ni msiba mkubwa wala hauhitaji kuongezwa.

Miaka michache baada ya hapo, Mskoti W. D. M. Bell alianza kuwinda ndovu katika nchi ya Karamoja, Uganda, hata akapata jina la Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua ndovu 1,011, wengi wao kwa bunduki ndogo ambayo wengine waliiona haifai hata kwa simba. Watu walidhani ana uganga. Uganga wake ulikuwa msumeno: alilipasua fuvu la ndovu kati kwa kati, akajifunza ubongo umekaa wapi na risasi ipitie wapi kwa kila upande. Na miguu yake ilifanya kazi kuliko kidole chake, kwa maana kwa hesabu yake mwenyewe alitembea wastani wa maili 73 kwa kila ndovu dume aliyemwua. Husimuliwa pia kwamba huko Jinja alikuwa akiwaangusha ndege warukao juu ya ziwa, na waliomtazama waliamini kwamba anatumia marisau. Kumbe ilikuwa risasi moja moja.

Lakini ipo shabaha nyingine katika nchi yetu, ya kale kuliko ya Bell, nayo haikuandikwa na wenyewe. Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika iliyo nyuma ya Malindi, hata Tsavo, kwa upinde na mshale wenye sumu ya mti. Pinde zao zilikuwa miongoni mwa zile ngumu kuvutwa kuliko zote zijulikanazo duniani. Mwindaji alimnyatia ndovu, akiupima upepo, mpaka akawa hatua chache tu kutoka kwake, ndipo akaachia mshale uingie tumboni pasipo mfupa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kwa umbali huo hakuna nafasi ya kubahatisha: akosaye hukanyagwa.

Sasa angalia jinsi historia ilivyowagawia watu hawa sifa. Serikali ya kikoloni iliuza leseni kwa mgeni mwenye fedha, akapigwa picha amesimama juu ya mawindo yake na kitabu chake kikasomwa Ulaya. Mwata aliyewinda bila leseni katika nyika ya babu zake aliitwa jangili, na katika miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa wakafungwa. Sisemi kwamba ndovu wa Tsavo hawakustahili kulindwa. Walistahili, na biashara ya pembe ingaliwamaliza, nani awaye mpigaji. Nasema kwamba ustadi wa mmoja uliitwa ushujaa na ustadi wa mwingine ukaitwa uhalifu, na kwamba tofauti hiyo haikutokana na shabaha zao. Ilitokana na kalamu, na mkono ulioishika.

Siku zile zimepita. Uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Anayemlenga ndovu kwa haki leo ni daktari wa wanyama, afyatuaye sindano ya usingizi ili amwondolee mnyama mtego au amtibu jeraha. Yeye naye hukosa mara nyingine, na huyaandika makosa yake kwa sababu kazi yake inayataka.

Basi, kijana msomaji, utakaposikia habari ya pigo la ajabu, usiwe mwepesi kuicheka wala kuimeza. Muulize msimulizi: ulikuwako? Kulikuwa na lengo moja au kundi? Ndani ya mtutu mlikuwa na nini? Umbali ulipimwa na nani? Na zile nyingine, zilizopita kando, ziko ngapi? Uliza kwa adabu, kwa kuwa mara nyingi msimulizi ni mzee wako. Kisha nenda ukawaulize pia wale ambao hawakuandika vitabu, maana huko nyika bado wako wazee wajuao jinsi upinde ulivyovutwa, na kila mwaka idadi yao inapungua.